Siku Moja Maishani Mwangu: Mkalimani Katika Wodi ya Akili

Saa 12 asubuhi. Simu inaita sijamaliza hata kuvaa viatu. Kiswahili, wodi ya wagonjwa wa akili, saa 3, dakika 45. Wakala anayenipa kazi hasemi mgonjwa ni nani wala amelazwaje. Ila kwa miaka niliyofanya kazi hii England nimejifunza kubahatisha: simu ya mapema hivi mara nyingi ni ya mhamiaji aliyelazwa kwa lazima.

Saa 3. Mlango wa pili wa wodi haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge. Mama wa makamo amekaa dirishani, bahasha mkononi. (Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike.)

"Shikamoo mama."

Ananitazama kitambo. "Marahaba mwanangu. Kumbe kuna mtu."

Ndani ya bahasha mna karatasi ya haki zake, kwa Kiingereza kitupu. Ameshikiliwa kwa kifungu cha 2 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, kinachoruhusu mtu kuwekwa hospitalini hadi siku 28 achunguzwe. Anaweza kukata rufaa, lakini ndani ya siku 14 za mwanzo tu, na wakili wa rufaa hiyo halipwi na mgonjwa. Leo ni siku ya 9. Failini pameandikwa kwamba alisomewa haki zake na hakuwa na swali. Angeuliza kwa lugha gani?

Saa 4 kasorobo. Daktari anasoma maelezo ya usiku ule wa kwanza: mgonjwa anasikia moto kifuani, na mama yake aliyefariki humtembelea. Aliyetafsiri ni mwanawe wa miaka 13, ingawa mwongozo wa sheria hiyo hautaki kwa kawaida ndugu afanye kazi hiyo. Mtoto wa watu alijitahidi, neno kwa neno. Lakini sisi baridi tunaisikia, njaa tunaisikia, na maumivu vilevile. Na mama akisema "marehemu alinijia usiku", amemwota. Neno ndoto halina haja ya kutajwa. Kwa Kiingereza cha mtoto, mama yake akawa anasikia vitu na kuona wafu.

Mkalimani hana ruhusa ya kutoa maoni kuhusu ugonjwa. Ruhusa niliyo nayo ni kusema, "Mkalimani anaomba kufafanua neno." Nikalifafanua. Daktari akaweka kalamu chini, akamwomba mama aeleze upya tangu mwanzo.

Sisemi mama si mgonjwa. Hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, na anaamini majirani wanamtilia kitu kwenye maji. Anahitaji matibabu. Ninachouliza ni kama angefungiwa milango miwili iwapo angeeleweka siku ya kwanza.

Saa 5 na robo. Fomu ya rufaa. Dakika 45 zimekwisha zamani, nami silipwi kwa zilizozidi. Anaandika jina lake taratibu, herufi kubwa kubwa.

Saa 7. Nakula ndani ya basi. Takwimu za serikali, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha Watu Weusi England wakishikiliwa kwa sheria hii zaidi ya mara 3 kuliko Wazungu. Wenzangu hutaja ubaguzi kwanza, na sibishi. Mimi naona pia wahamiaji wanavyochelewa kutafuta matibabu: wengi hudhani hospitali na uhamiaji ni ofisi moja, basi hujificha mpaka hali iharibike, na anayekuja kuwachukua ni polisi.

Saa 10 jioni. Kazi ya simu. Kijana ameletwa na polisi kwa kifungu cha 136 cha sheria ileile, kinachotoa saa 24 za kumtathmini. Sauti inakatikakatika. Daktari anauliza kama anafikiria kujidhuru. Kimya.

"Dada," ananong'ona, "yule askari bado yupo mlangoni?"

Nalitafsiri hilo pia. Nasikia kiti kikisogezwa, hatua, mlango ukifungwa. Kisha kijana anaanza kuongea.