Chumba Chenye Upana wa Boriti

Jioni hii nimekifuta kisa nilichokiandika kwa miezi mitatu, na moyo wangu umetulia kuliko siku nilipokianza. Kilihusu kaka na dada waliogombea nyumba ya marehemu baba yao, nami nilikuwa nimewaweka katika jumba lenye sebule pana ambalo sikuwahi kuliona popote ila kichwani mwangu. Kila walipokosana, mmoja aliondoka akaenda upande wa pili wa nyumba, na sura ikafia hapo.

Kilichonizindua ni chumba kimoja cha Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilikokwenda kuhani msiba. Nyumba kongwe za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo ni fupi, chumba hakiwezi kupanuka zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo hurefuka tu kikabaki chembamba. Nilikaa nimeegemea ukuta, magoti yangu yakikaribia kugusana na ya mama aliyenielekea, nikatambua kwamba ndugu wangu wale wawili hawakuwa na budi kuhamia humu. Humu huwezi kumkasirikia mwenzako kwa mbali. Utamwona akimeza mate kabla hajasema uongo. Chini ya dirisha kuna baraza ambapo wazee hunywa kahawa, na neno likipazwa kidogo tu huwafikia, hivyo ndugu hawa watalazimika kugombania urithi wao kwa kunong'ona. Miezi mitatu nilikuwa nikiusaka mgogoro wao katika tabia zao, kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa ukutani. (Msiba wa wenyeji wangu sijauandika wala sitauandika; nimeazima kuta tu.)

Tangu hapo ninachagua mandhari kwa kujiuliza mahali hapo panamzuia mhusika kufanya nini. Uzuri wa mahali haunitoshi tena, ingawa naipenda Ngome ya Yesu wakati wa machweo kama mtu mwingine yeyote wa Mvita.

Majira nayo yana amri yake. Niliwahi kumsomea mvuvi mmoja mzee ukurasa ambamo kijana anatweka tanga la ngalawa mwezi wa sita na kwenda mbali baharini kana kwamba maji yametulia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni kusi, upepo mkali unaochafua bahari. Huyo kijana wako ana shida gani nyumbani hata atoke na bahari ile?" Swali lake lilinipa hadithi bora kuliko niliyokuwa nayo.

Ama ilhamu, nailea kwa jambo dogo: kila asubuhi nikivuka Likoni naandika daftarini kitu kimoja nilichokiona kabla feri haijafika ng'ambo, bila kukitafutia maana. Jana ilikuwa mwanamke aliyevua viatu vipya mvua ilipoanza, akavikumbatia. Vingi hulala humo miezi kadhaa, na sivihimizi.

Viatu vile nadhani ni vya dada. Kesho nitarudi Kibokoni baada ya isha, upepo ukiwa umetulia, nikae barazani nisikilize kama mnong'ono wa ghorofani hufika chini.