Helikopta kwenye bonde la mpunga

Ilikuwa vuli ya 2015, kampeni zimepamba moto, na sisi mafundi wa laini tuko upande wa Ole, Pemba, tunabadilisha kikombe kilichopasuka, kile kinachoushika waya juu ya nguzo. Tangu umeme wa Tanga utufikie kwa kebo ya chini ya bahari mwaka 2010, kazi ya laini haikuisha. Pale nyaya zinaruka kutoka kilima hadi kilima, chini yake bonde la mpunga, na nguzo zimemezwa na mikarafuu. Ukiwa bondeni huzioni.

Umeme tulikuwa tumeuzima. Mwenzangu yuko juu, mkanda kiunoni. Mawingu yamelalia vilima, na bibi mwenye shamba anazoa karafuu zake majamvini kuikimbia mvua. Mara mngurumo, na helikopta ya kampeni ikaingia bondeni, chini ya usawa wetu. Sijawahi tena kuitazama helikopta mgongoni. Ikaja moja kwa moja kwenye nyaya. Tukapunga mikono, tukapiga makelele (makelele ya nini, na mtu kaziba masikio?), hadi ghafla ikainua pua na kupita juu ya waya, pengine kwa kimo cha nyumba. Upepo wake ukamtikisa mwenzangu, akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Karafuu za bibi zikatawanyika majanini.

Jioni nikamfuata rubani kwenye uwanja wa skuli walikotua. Kijana wa Bara, mpole.

"Kapteni, leo ungetuulia mwenzetu."

"Najua, kaka. Na mimi ningekwenda naye. Waya sikuuona kabisa. Nilichoona ni kofia za njano juu ya miti, nikajiuliza, nani anachuma karafuu na kofia ngumu?"

Akanieleza kwamba waya ukishachakaa unakuwa kijivu, unapotelea kwenye wingu, na hata ukiuona, jicho halikuambii uko mbali kiasi gani. Kwa hiyo rubani hatafuti waya, anatafuta nguzo, na akivuka huvuka juu ya nguzo yenyewe, maana hapo ndipo anapojua waya wa juu kabisa uko wapi. Kwingine nyaya huvishwa mipira mikubwa ya rangi ya machungwa. Zipo helikopta zenye visu vya kukatia waya, juu na chini ya pua. Yake haikuwa navyo, na kisu chenyewe hufaa pale tu waya unapokigonga sawasawa. Katika hayo yote, mimi nililolifanyia kazi ni lile la nguzo.

Siku ya pili tukarudi kwa bibi kumwomba tupunguze matawi nguzo ionekane. Mkarafuu Pemba haukatwi ovyo, kuna sheria yake, na kuna bibi mwenyewe.

"Jana wamenimwagia karafuu, leo mnataka na mti?"

"Matawi tu, bibi, upande wa bonde."

Akatuzungusha mpaka adhuhuri. Mwisho akakubali matawi mawili, kwa sharti kwamba kwanza tupande tuyachume.

Tukapanda, tukachuma.