Mpishi Akipanga Vyakula Vyake, Anapanga na Shamba Letu

Kila msimu, kabla mbegu hazijaingia kitaluni, mimi na mume wangu huchukua karatasi tuliyochorea matuta ya shamba letu, tukaenda kuketi na mpishi wa mgahawa tunaouuzia mboga. Tunamfuata alasiri, jikoni kukiwa kumetulia, na mazungumzo huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hatuanzi na bei. Tunaanza na tuta litakalopumzika, tuta litakalopandwa maharage ili lirudishiwe nguvu, na kitu ambacho yeye atakipika katika majuma ambayo hatutakuwa na nyanya za kumpelekea. Baada ya miaka kadhaa ya kazi hii nimeamini kwamba shamba dogo la familia haliwezi kutunza udongo wake kwa bidii ya mkulima peke yake. Linahitaji mnunuzi aliye tayari kununua mzunguko mzima wa mazao, si zao lile moja linalopendwa zaidi na wateja wake.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Tulipoanza, mnunuzi wetu mkubwa alitaka nyanya tu, tena kwa wingi na kwa mfululizo. Tulishukuru, kwani zao lenye soko la uhakika ndilo ombi la kila mkulima mdogo, na kwa misimu mitatu tukapanda nyanya juu ya nyanya katika ardhi ileile. Msimu wa nne, mimea iliyoamka na afya asubuhi ilikuwa imelegea ilipofika adhuhuri, majani yakiwa bado ya kijani, na baada ya siku chache ilikuwa imekufa. Tulikata kipande cha shina, tukakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, na kutoka kwenye mkato ukaanza kushuka uzi mweupe kama wa maziwa. Hiyo ndiyo dalili ya mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake huweza kukaa udongoni kwa miaka, mmea ukishaugua hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya, na hushambulia pia ndugu za nyanya, yaani viazi mviringo, bilinganya na pilipili. Nusu ya ardhi yetu ikawa imefungwa kwa mazao yaliyokuwa yakitulisha. Mnunuzi yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa hajaelezwa na mtu yeyote, nasi tulikuwa miongoni mwa watu ambao hawakumweleza.

Kubadilisha mazao katika ardhi ileile, msimu hadi msimu, ni desturi ya kale kuliko sayansi iliyokuja kuieleza. Kwa karne nyingi wakulima walikuwa wameona kwamba nafaka hustawi ikitanguliwa na mimea ya jamii ya kunde, lakini ni mwaka 1886 ndipo Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walipoonyesha, nchini Ujerumani, kwamba mimea hiyo hupata naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mimea, kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Kuna sharti moja ambalo huachwa katika maelezo mengi, nami nalisisitiza kila ninapopata nafasi: maharage yakivunwa makavu, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huondoka shambani ikiwa ndani ya punje. Mkulima anayetaka udongo ufaidike kweli hulazimika kuifyeka mimea ingali mibichi na kuifukia, au kuilaza juu ya tuta kama matandazo, na maana yake ni kwamba kwa majuma mengi tuta hilo litakuwa na kazi nzito bila kuleta hata senti moja.

Nani basi alipie majuma hayo? Hapa ndipo maneno mazuri kuhusu kilimo endelevu huishia, na ndipo karatasi yetu ya matuta inapoanza kazi. Mpangilio wetu ni wa miaka minne: tuta lililotiwa mboji na samadi iliyoiva hupokea kwanza mazao yanayokula sana, kama nyanya au kabichi, kisha mboga za majani, kisha karoti, figili na bitiruti, ambazo hazipendi samadi mbichi kwa kuwa mizizi yake hugawanyika na kupinda, na mwisho jamii ya kunde. Mpishi akinunua nyanya pekee, robo moja tu ya mpangilio ndiyo inayobeba robo zilizobaki, na mkulima mwenye madeni atashawishika kuufupisha. Akinunua karoti pamoja na majani yake, bitiruti pamoja na vikonyo vyake, na maharage mabichi pale ambapo tumeamua kuvuna sehemu na kufukia sehemu, kila tuta linajilipia kiasi fulani na lile linalopumzika linapumzika bila kutuumiza. Mpishi wetu wa sasa alilielewa jambo hili upesi kuliko nilivyotarajia. Aliacha kutuletea orodha ya anachokitaka, akaanza kutuuliza shamba litakuwa na nini.

Wapo wanaosema kwamba faida ya kununua karibu ni kupunguza safari ya chakula. Naiheshimu hoja hiyo, lakini nadhani imepewa uzito uliopita kiasi. Kwa vyakula vingi, usafirishaji ni sehemu ndogo ya hewa chafu inayotokana na chakula, na sehemu kubwa hutoka shambani kwenyewe: katika mifugo, katika mbolea, katika ardhi inayofyekwa. Shamba lililo jirani na jiko lakini linaloacha udongo uchi na kunyunyiza sumu kila juma halina ninachoweza kulisifia. Udogo nao si sifa peke yake. Kwa makadirio yaliyotolewa na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mashamba yasiyofikia hekta 2 ni takriban asilimia 84 ya mashamba yote duniani, yanatumia karibu asilimia 12 ya ardhi ya kilimo, nayo hutoa kama asilimia 35 ya chakula. Hayo ni mavuno makubwa kutoka eneo dogo, lakini ardhi inayolimwa kwa nguvu namna hiyo pia huchoka mapema isiporudishiwa. Ukaribu unatupa kitu kingine ambacho kwangu ni cha thamani zaidi, nacho ni uwezekano wa mazungumzo. Mpishi anaweza kuja kuliona tuta, nami naweza kumpigia simu Jumatatu kumwambia kwamba mvua ya usiku imelaza saladi na kwamba Alhamisi nitampelekea kitu kingine.

Ukaribu hubadilisha pia mbegu tunazochagua. Nyanya inayosafiri siku nyingi lazima iwe na ngozi ngumu na ichumwe kabla ya kuiva. Inayosafiri saa moja inaweza kuchaguliwa kwa ladha yake na kuachwa ikomae kwenye mti. Hata hivyo saa hiyo moja si ruhusa ya uzembe. Mboga iliyovunwa ingali inapumua, na kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, upumuaji huo huongezeka mara mbili au hata mara tatu, ukila sukari na maji ambayo mlaji alikuwa ayapate. Ndiyo maana tunavuna mboga za majani alfajiri, tunazitumbukiza katika maji baridi na safi, kisha tunaziweka kivulini kabla ya kuzifungasha. Nyanya, kinyume chake, haziingii kwenye jokofu, kwani baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi huziharibia harufu na ulaini. Tulipokuwa wageni katika kazi hii tulimwachia mpishi ajue hayo mwenyewe. Siku hizi tunayaandika kwenye kila kreti.

Jambo linaloniuma zaidi ni malipo. Mgahawa mdogo nao una shida zake, na mara nyingi humlipa mkulima mwisho kwa sababu ndiye asiyejua kudai. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2019 sheria inayowataka wanunuzi wakubwa kuwalipa wauzaji wadogo wa vyakula vinavyoharibika upesi ndani ya siku 30, na ni hatua njema, ila haiwagusi wanunuzi wadogo kama wengi tunaowauzia sisi, na mbegu haisubiri siku 30. Njia iliyotufaa tuliiga kwa kaya zinazolipia sehemu ya mavuno kabla ya msimu, utaratibu uliostawi Japani tangu miaka ya 1970 kwa jina la teikei, na ambao mashamba mawili ya kaskazini-mashariki mwa Marekani yaliuanza mwaka 1986. Mpishi hutulipa theluthi ya thamani ya msimu mapema, nasi tunamhakikishia nafasi yake ya kwanza katika kila tuta. Tukipata hasara ya mvua tunaigawana kwa kiwango kilichoandikwa, na kwa kuwa kimeandikwa hatujawahi kugombana.

Nimejifunza pia kuandika saa za kazi za nyumbani kwetu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2014 kuwa mwaka wa kilimo cha familia, kisha ukatenga muongo mzima, 2019 hadi 2028, lakini ndani ya familia nyingi za wakulima kazi ya mama, ya bibi na ya vijana haiingizwi katika hesabu yoyote. Nilipoweka daftari kwa msimu mmoja niliona kwamba palizi ya karoti, ambayo bei yake ilionekana nzuri, ilikuwa ikilipwa kwa usingizi wangu na wa mama mkwe wangu. Tulimwonyesha mpishi daftari hilo. Alilisoma lote, akakubali bei mpya ya karoti, akaomba tumpunguzie kiasi alichokuwa amezoea kuagiza ili aweze kuimudu.

Msimu huu karatasi ina matuta 24. Manne ya upande wa chini, miongoni mwa yale yaliyouguza nyanya, yamekaa miaka mitano bila ndugu yeyote wa nyanya, na mwaka huu tutajaribu miche 10 tu kwenye tuta moja, tuone kama itasimama. Mpishi ameomba aje siku ya kuihamisha kutoka kitaluni.