Hesabu elektroni kwanza, mistari baadaye

Mwanafunzi wa S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari) akiambiwa achore molekuli ya kaboni dioksaidi, kalamu hukimbilia mistari, ambayo kila mmoja ni jozi ya elektroni inayoshirikiwa na atomi mbili. Anaandika O–C–O, anaridhika, kumbe kaboni imebaki na elektroni 4 tu, badala ya 8 zinazojaza ganda lake la nje. Dawa ni hesabu. Kaboni ina elektroni 4 kwenye ganda la nje, kila oksijeni ina 6. Jumla 16, yaani jozi 8. Unganisha atomi kwa jozi mojamoja, zimetumika 2. Zilizobaki 6 zigawie oksijeni, tatu kila upande. Kaboni bado haijafika 8, kwa hiyo chukua jozi moja kutoka kila oksijeni uisogeze katikati: O=C=O. Hesabu tena. Ukipata zaidi ya 16, kuna elektroni umezitoa hewani.

Hiyo 8 si hamu ya atomi, ingawa darasani tunapenda kusema atomi “inataka”. Jozi ikikaa kati ya viini viwili huvutwa na vyote, na nishati hushuka. Viini viwili vya haidrojeni hutulia vikiwa pikomita 74 kutoka kimoja hadi kingine. Vikikaribiana zaidi vinasukumana. Kuvitenganisha kabisa kunagharimu kilojuli 436 kwa moli. Naitrojeni inashirikiana jozi 3, na gharama yake inafika kama 945. Mahindi hayawezi kuvunja kifungo hicho, ndiyo maana yamezungukwa na naitrojeni hewani na bado yanahitaji mbolea.

Chumvi ya Katwe, ziwa la chumvi nchini Uganda, usiichore hivi, tafadhali. Sodiamu huipa klorini elektroni yake moja kabisa. Hakuna kushirikiana, wala hakuna molekuli, ni ayoni (atomi zenye chaji) zilizopangana.

Panapokwamisha wengi ni kaboni monoksaidi. 4 + 6 ni 10, jozi 5: tatu katikati, moja pweke (isiyoshirikiwa) kila upande. Watu hukataa kwa kuwa wamezoea kaboni yenye vifungo vinne. Hapa ina vitatu, na katika kimojawapo elektroni zote mbili zimetoka kwa oksijeni. Jozi pweke iliyo upande wa kaboni ndiyo inayong'ang'ania chuma cha himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Sigiri ya makaa ikiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi hii, na haina rangi wala harufu ya kumwamsha aliyelala.