Shokapu iliyosingiziwa kuwa feki

Kipindi najifunza ufundi ililetwa pikapu moja, shokapu ya mbele kushoto inavuja oili, mwenye gari kawaka kweli, anasema fundi nimeuziwa feki hizi, juzi tu nimefunga. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakubishana naye, akaniambia dogo piga jeki, toa tairi, halafu usiguse kitu tuangalie kwanza.

Kuchungulia, lile buti la mikunjo, yaani kifuniko cha raba kinachofunika rodi, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka kwenye shokapu, lilikuwa limeshuka lote chini. Aliyefunga alitumia kebo tai za plastiki, nyembamba zile za kubania nyaya, juu moja chini moja. Ya juu ilishakatika, ya chini imekaza vilevile, buti likageuka bakuli, matope yanaingia na hayana pa kutokea. Mzee akalikata, akafuta rodi na kitambaa, akasema pitisha ukucha. Kromu, ule mng'ao uliopakwa juu ya rodi, inatakiwa iwe laini kabisa ila ukucha ulikuwa unakwama kwenye michirizi, na vidoti vya kutu vimeshaanza. Rodi ya hivyo ikipanda na kushuka inaikwangua sili, raba inayozuia oili isitoke, kila gari ikipita shimo, sili ikiisha oili inatoka, hapo hakuna cha feki wala orijino. Iliniuma sana, shokapu yenyewe haikuwa na kosa.

Tukabadilisha zote mbili za mbele, maana upande mmoja mpya na mwingine mchovu gari haitulii. Buti jipya mzee alilifunga juu kwa klipu ya chuma isiyoshika kutu, zile za kukaza na bisibisi zinazofungwa kwenye hosi za rejeta, na hapa ndio alinikalisha. Klipu ikae kwenye mfereji wa shingo ya buti, isipande kwenye mkunjo, kaza mpaka raba ianze kutuna kidogo pembeni ya mkanda basi, ukizidisha mkanda unakata raba. Kichwa cha skrubu kiangalie upande usio na tairi wala hosi ya breki, ncha iliyobaki ikatwe ipigwe tupa.

Nikauliza na chini je? Akasema buti la aina hii chini usifunge. Shokapu ikijibana hewa ya ndani lazima itoke mahali, ikinyooka iingie, ukibana kotekote buti linavimba na kunywea mpaka linachomoka au kupasuka, na unyevu unabaki humohumo unakula kromu.

Kabla ya kurudisha tairi aliacha mguu uning'inie, buti linyooke mpaka mwisho aone kama halivutwi, kisha usukani kulia wote, kushoto wote, anamulika na tochi. Mwenye gari alishapoa, akaomba tuangalie na za nyuma. Zimefungwa hivyohivyo, kebo tai juu na chini, ila hazijakatika bado na rodi nzima, tukazing'oa kebo tai zote tukaweka klipu juu tu, siku hiyohiyo.