Neno moja, maana mbili, na msikilizaji anaguna

Hadithi fupi ya kuishia kwenye mchezo wa maneno huandikwa kuanzia mwisho. Tafuta kwanza neno lenye maana mbili, kisha kagua ngeli yake. Hapo ndipo wengi huanguka. "Paa" linavutia sana, lakini ukisema "paa amepanda" au "paa limepanda", kiambishi kimeshatoboa siri. "Mto" ni dhahabu tupu: wa maji na wa kulalia yote ni mto/mito, na upatanisho haubadiliki hata kidogo.

Angalia hapa. Mzee asiyejua kuogelea anatangaza kijijini kwamba kila usiku hulala juu ya mto na haamki na tone la maji. Vijana wanabisha. Wanabeba kamba na taa, wanakesha ukingoni, mbu wanawamaliza. Alfajiri wanaenda kwake kwa hasira, wanamkuta kitandani anapiga miayo. "Mto wenyewe huu hapa," anasema, "leo nimeufulia foronya."

Kamba, taa na mbu vinamshikilia msikilizaji kwenye maji; ukivipunguza, atawahi kushtuka. "Kulala" nako kusitajwe zaidi ya mara moja, na "foronya" ibaki neno la mwisho kabisa. Ukiongeza "yaani mto wa kulalia", umeua kila kitu.

Na jaribu kwa sauti. Barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" zinafanana kwenye maandishi tu. Mkazo hutofautiana, kwa hiyo mdomoni utani huo haufiki popote.