Sihamii Sony

Wapiga picha wenzangu wa harusi, nimeamua kubaki Canon. Nilishika kamera ya Sony A7 IV ya rafiki kwenye harusi moja Sinza, na kwa kweli inavyolifuata jicho la bibi harusi hata akicheza, inavutia sana. Ila hela yangu kubwa haipo kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, ipo kwenye lenzi. Lenzi zangu za milimita 70-200 na 50 ni za EF, mfumo wa lenzi wa Canon ulioanza 1987, na kwa adapta (kiunganishi) zinafunga kwenye R6, kamera ya Canon yenye mfumo mwingine wa lenzi, na kufokasi vizuri tu. Nikihama nauza zote kwa hasara, nanunua upya, na flashi pia. Halafu rangi ya ngozi zetu kwenye Canon naipenda mno! Sasa nachanga ya R6. Mwenye adapta safi anicheki.